Mashine ya Bluu

Juzi nilikuwa kwenye duka la spea Msambweni, nikingojea plagi ya pikipiki yangu, alipoingia mama mmoja kutoka Majoreni. Nyuma yake wanaume wawili walibeba mashine kuukuu ya boti, wakailaza juu ya tairi.

"Nataka pampu ya maji ya hii," mama akasema.

"Ni modeli gani?" akauliza muuzaji, mtu wa bara.

"Ya bluu."

Muuzaji akacheka, kisha akaona mama hacheki. Kwao Majoreni mashine hupakwa rangi ya boti, na kila anayeinunua huipaka upya, pamoja na kibati cha namba ya modeli.

"Fundi ameniambia niiuze kama chuma chakavu," mama akasema. "Na ndiyo inayonilishia watoto."

Muuzaji akapiga magoti na bisibisi na kitambaa chenye petroli. Akakwangua bluu, ikatokea kijani. Akakwangua kijani, ikatokea nyeupe, na chini ya nyeupe kibati. Akafungua kitabu chake kilichojaa grisi. Kidole kikashuka polepole, kikasimama.

"Imenizidi umri, lakini pampu yake bado inatengenezwa. Alhamisi itakuwa hapa."

"Alhamdulillahi," mama akasema, akakaa juu ya tairi jingine.

Nikawaza ni vitu vingapi katika kaunti hii tumetangaza kuwa vimekufa, kumbe vimepakwa rangi tu.

"Nikuwekee na kopo la rangi?" muuzaji akauliza.

"Niwekee," akajibu, kidole gumba kimefunika ile namba. "Lakini hapa brashi haipiti."