Ploti Iliyonunua Kifaransa

Mimi shule nilionja tu, nikatolewa nikaolewe, lakini Kifaransa niko nacho. Usicheke. Niko na maneno nne, na zote ni za fujo.

Nilizipata kwa msichana wangu wa kwanza, miaka ya tisini, akisomea Nairobi kazi ya kutembeza watalii. Baba yake alikuwa ameuza ploti ya kwanza hapa Kitengela, ile ya kando ya barabara, ndio amlipie. Hiyo sikuililia. Nilisema heri imeingia kwa kichwa ya mtoto, huko hakuna mtu atakuja kupigilia vigingi.

Jioni mimi napika, yeye anasoma kwa sauti. Siku moja mwalimu akawapa neno ya Kizungu, mess. Alihangaika nayo mpaka ugali ikapoa.

"Yeyo," akaniambia, maana hivyo ndio tunaita mama kwetu, "Kizungu ni kivivu. Kila kitu ikiharibika ni mess. Lakini Mfaransa anapima kwanza."

"Anapima na nini, mizani ya sukari?"

"Anapima fujo yenyewe. Sanduku yako ya nguo vile iko, hiyo ni fuyi."

"Wachana na sanduku yangu!"

"Nyumba nzima ikiwa haijafagiliwa, dezodri. Siku ya soko Bisil, ng'ombe za huyu zimeingia kwa mbuzi za yule, wenyewe wameinuliana rungu, hiyo ni pagai. Na kao..." Akafikiria. "Kao ni pahali hakuna kichwa hakuna mkia. Hata ukitaka kupanga, hujui uanzie wapi."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia hao Wafaransa wameona taabu, mtu hawezi kupatia fujo majina nne kama hajalala nayo nyumba moja. Kutoka siku hiyo tukawa tunaongea hivyo. Maziwa ikimwagika, yeye, "Fuyi, Yeyo!" Mimi, "Wee, kwa maziwa yangu hiyo ni pagai!"

Sasa mzee wangu akaonja utamu wa kuuza. Ploti ya pili ikaenda, ya tatu ikaenda. Ng'ombe zikakosa pa kulisha, zikapelekwa kwa kaka yake Bisil, zikaishia huko huko. Watu wa Nairobi wakajenga ukuta mpaka karibu na mlango wangu. Ikabaki ile ploti nyumba imekalia tu, na hata hiyo mzee alikuwa ameshapatana na mnunuzi. Ilingoja bodi ya ardhi ikae Kajiado, impitishie ama imkatalie.

Hapo ndio kanisa ikatuletea madam kutoka Ufaransa. Alisikiliza akina mama, na yule ataona boma yake inaisha kabisa, anampatia wakili wa kusimama naye mbele ya bodi. Wakili hangetosha wote. Sekretari wa kanisa alikuwa ameandika maneno yetu na Kizungu, yeye anasoma, na wa kugeuza kwa Kifaransa ni nani? Si msichana wangu! Nilivaa shanga zangu zote. Nikasema leo ile ploti ya barabara inarudi nyumbani.

Mzee naye akakuja. Akakaa benchi ya nyuma na kofia yake, fimbo katikati ya magoti.

Zamu yangu ikafika. Sekretari akasoma, akasoma, nikasikia "mess". Hiyo naijua. Msichana akaangalia benchi ya nyuma. Halafu akasema, polepole, "fuyi".

Fuyi! Sanduku ya nguo!

Madam akatabasamu, akajibu kidogo. Msichana akanigeuzia bila kuniangalia. "Anasema pole, Yeyo. Anasema hata kwake iko hivyo. Mkae chini na mzee mpange."

Nikasimama. "Kao, madam! Kao! Kao!"

Jameni, huyo madam alifurahi kusikia Kifaransa kwa mdomo yangu! Alinipigia makofi. Alitoa kamera, akanipiga picha mdomo wazi hivi. Kanisa yote ikacheka, hata mzee akacheka, na hajui anacheka nini. Kisha sekretari akaita mama mwingine. Yeye ndiye alipewa wakili. Alistahili, siwezi kusema kitu.

Njiani nikamuuliza msichana, "Baba yako anajua Kifaransa?"

"Hajui."

"Sasa ulikuwa unamfichia nani?"

Akasimama barabarani. "Yeye hajui, Yeyo, lakini mimi najua. Nimwanike baba mbele ya wageni, tena na maneno yenye alininunulia?"

Kwetu mtoto hataji aibu ya baba mbele ya wageni. Na nani alimfundisha hiyo? Mimi. Nilimfundisha kabla hajajua Kifaransa ni kitu gani.

Bodi ilikaa, ikapitisha. Pale kwangu sasa ni ghorofa, walimwaga simiti juu ya mawe yangu ya jiko. Mzee alikufa akiwa mpangaji. Mimi naishi Kajiado kwa huyo msichana, niko na chumba nzuri, na dirisha. Ni mtoto mzuri. Kila Jumamosi ananipangia sanduku ya nguo.

Picha madam aliituma. Iko ukutani, kubwa, mdomo wazi, shanga zimeruka. Wageni wakiingia wanauliza, "Koko," ndio kusema nyanya, "hapa ulikuwa unafurahia nini?"

Msichana anakumbuka chai iko motoni, anaenda.

"Nilikuwa naongea Kifaransa," nawaambia. Wanacheka sana.