Kibuzi Aliyeitwa Marehemu

Bibi Vifungo na mumewe hawakuwa wamesemeshana kwa miaka sita, na mtaa mzima ulilijua hilo. Walilala chumba kimoja, wakapakua sufuria moja, ila neno la kutoka kinywani kwa huyu kwenda sikioni kwa yule halikuwepo. Mume akitaka chumvi alimwambia paka.

"Wewe paka, huko jikoni chumvi imekwisha?"

Na mke, bila kugeuza shingo, alimjibu paka huyohuyo kwamba mwenye macho haambiwi tazama, kopo liko palepale pa siku zote. Paka alishazoea kazi yake. Akiitwa hakufungua hata jicho.

Chanzo kilikuwa cherehani. Mama yake Bibi Vifungo alimwachia cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na kwa cherehani hiyo alishona sare, mashela na suruali za nusu ya watu wa pale, akaweka vifungo vya akiba kwenye mkebe mpaka jina likamganda. Siku moja alikwenda msibani kwa siku tatu. Aliporudi alikuta pembe ya chumba tupu, na sakafuni alama nne za kutu pale miguu ya cherehani ilipokaa. Mumewe alikuwa amempa dada yake. Dada ameomba, angemnyimaje? Mwanamume yule alikuwa fundi saa, hodari wa kuona kijigurudumu kidogo kuliko chawa, lakini mkewe alipomuuliza sasa atashonea nini, alimwambia, "Si una mikono?" Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya mwisho.

Tangu hapo Bibi Vifungo alishona kwa cherehani ya watu, barazani kwa muuza vitambaa. Pembe ile hakuweka kitu, hata kigoda. Kila asubuhi alipiga deki chumba kizima, akifika kwenye zile alama nne anazizunguka, zisifutike, mume azione kila anapovaa viatu. Tusidanganyane, huo ulikuwa ukatili, naye aliufanya kwa mkono wa fundi.

Basi mbuzi wake wa uani akazaa pacha. Mmoja alimlamba mpaka akakauka. Wa pili alimnusa, akarudi nyuma hatua mbili, akampiga pembe mpaka ukutani. Bibi Vifungo akamwokota mtoto, akamsogeza tena chuchuni. Mama mtu akampiga tena. Mara ya tatu hakungoja ya nne, alimfunga yule mnyang'au kwenye nguzo, akamkamua kwa nguvu, akaingia ndani na kibuzi kwenye khanga. Alikuwa mdogo, mwenye miguu ya njiti na pumzi za kukoroma. Alimtandikia vipande vya vitambaa ndani ya katoni. Halafu akasimama kidogo katikati ya chumba, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akaweka kitu kwenye ile pembe.

Mume, ambaye meza yake ya saa ilikuwa nje chini ya dirisha, alichungulia.

"Paka, mwambie bibi yako maiti haihifadhiwi ndani."

Yeye ndiye aliyempa jina la Marehemu. Kila asubuhi, "Paka, Marehemu kaamkaje? Tuchimbe leo au kesho?" Muuza mkaa wa jirani akalipenda jina, akalisambaza, na kufikia mwisho wa wiki hata wateja wa saa walikuwa wanauliza hali ya Marehemu. Bibi Vifungo alichukia, ila alijua kushindana na mtaa ni kutwanga maji kwenye kinu. Mwishowe na yeye akamwita hivyohivyo.

Daktari wa mifugo alikuja siku ya nne. Alimbonyeza kibuzi tumbo kwa vidole viwili, akatikisa kichwa.

"Mara nne kwa siku, mama. Nusu kikombe cha chai kila mara, basi. Akilia, mwache alie."

"Hata akilia sana?"

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Hawa wadogo hawafi kwa njaa, mama yangu. Wanakufa kwa huruma."

Siku hiyo fundi saa alikuwa ametoka kutafuta betri. Maneno ya daktari hakuyasikia, na wa kumsimulia hakuwepo. Paka naye hakutumwa.

Bibi Vifungo alishika masharti kama anavyoshika vipimo vya nguo. Alimnywesha alfajiri, saa sita mchana kwa kurudi mbio kutoka barazani, alasiri, na jua likizama. Alipimia kikombe kimoja chenye mstari wa bluu katikati, akamimina kwenye chupa ya dawa ya kikohozi yenye chuchu ya mpira. Na moyoni aliweka nadhiri. Siku Marehemu atakapotafuna jani la kwanza mwenyewe, yeye atamgeukia mzee na kumwambia, "Karibu chai." Kwa mdomo wake, bila paka. Alikuwa amechoka. Kununa miaka sita kunachosha kuliko kufua mablanketi, na mtu hapati hata pa kuuanika mnuno wake. Siku moja kibuzi alipiga chafya akaanguka makalio, mume akacheka dirishani, na mke akajikuta anacheka. Wote wawili wakanyamaza palepale, kama wezi waliogongana mlangoni. Lakini ule mchana mzima alishona huku anatabasamu.

Wiki ya pili Marehemu alisimama imara. Akaruka. Tumbo likajaa. Bibi Vifungo akajisifu kimoyomoyo. Halafu kibuzi akaanza kuhara, na bibi mwenyewe akashangaa, maana kikombe chake hakikuzidi mstari hata tone.

Siku hiyo uzi ulikwisha dukani, akarudi nyumbani saa nne asubuhi. Mlango ulikuwa wazi nusu. Mumewe alikuwa amepiga magoti mbele ya katoni, yale magoti yake mabovu ambayo hata kuokota skrubu yalikuwa yanamtoa machozi. Mkononi ana chupa ya soda, mdomoni mwa chupa kafunga kipande cha mpira wa baiskeli.

"Kunywa, mjukuu wangu, kunywa," alikuwa anasema. "Bibi yako bahili, atakuua na hicho kikombe chake. Ila usimwambie."

Kibuzi alikuwa anavuta huku mkia unamtetema. Bibi Vifungo akasimama pale nje. Alimwonea huruma yule mzee, na kumpenda pia, jambo ambalo hakulitarajia. Na hapohapo akayakumbuka maneno ya daktari. Ilihitajika sentensi moja tu: mpe kidogo, ameshakunywa alfajiri. Ulimi ukajaa. Lakini nadhiri yake ilisema jani, na jani lilikuwa bado. Halafu kwa nini aanze yeye? Nani aliyetoa cherehani? Acha aje mwenyewe aseme. Akarudi kinyumenyume kwa ncha za vidole, akaenda kukaa kwa muuza mkaa.

"Mbona mapema?" muuza mkaa akamuuliza. "Mzee yuko kwenye zamu yake?"

"Zamu gani?"

"Ya kumnywesha Marehemu. Wewe ukitoka tu, yeye anaingia. Ukirudi kazini mchana, anaingia tena. Shoga, nilijua mmepangiana."

Mtu na mumewe, nani asingedhani hivyo?

"Tumepangiana," alisema Bibi Vifungo.

Mchana ule hakumpa maziwa, akidhani atasawazisha. Jioni kibuzi akalia. Alilia mpaka sauti ikapasuka, naye akiwa na kikombe mkononi anahesabu: mzee kampa asubuhi, kampa na mchana. Alijua. Akampa nusu kikombe, na alipozidi kulia akampa nusu nyingine. Kesho yake ikawa vilevile, yeye kwa kikombe, mume kwa chupa ya soda, na kati yao ukuta wa kimya waliojenga wenyewe.

Siku ya tatu, saa sita mchana, alimkuta amelala ubavu. Tumbo limekaza kama ngoma, miguu inapiga hewa, povu mdomoni. Akamsugua tumbo, akamsimamisha, akamsugua tena. Alikufa mikononi mwake kabla hata hajapata wa kumtuma kwa daktari.

Mume akaingia. Alidhani mkewe amesharudi kazini, akaja na chupa yake ya soda imejaa. Akatazama katoni, akamtazama mke. Paka alikuwa dirishani, lakini hakumwangalia paka.

"Mke wangu," alisema. Sauti ilimkwaruza. "Nilikuwa nampa. Ulipokuwa kazini. Ni mimi niliyemuua?"

Ukweli ulikuwa palepale kwenye ncha ya ulimi: tumemuua sote, nilikuona nikanyamaza. Bibi Vifungo akainamisha macho. Katoni ilikuwa imesogea wakati anahangaika, na alama mbili za kutu zilikuwa zimejitokeza.

"Ndiyo," alisema. "Ni wewe."

Mzee alichimba nyuma ya jiko, kwa yale magoti yake, na hakutaka kusaidiwa. Mama mbuzi alikuwa karibu na mwanawe mzuri, akitafuna majani, hakuinua hata kichwa. Muuza mkaa alipopitisha uso juu ya ukuta na kuuliza huku anacheka, "Jamani, Marehemu kafa kweli?" mzee alimtazama mpaka kicheko kikamkauka mdomoni.

Baada ya siku nne alitoka alfajiri bila kusema aendako. Alirudi adhuhuri anakokota mkokoteni, jasho likimchuruzika, kwapani shati limechanika. Inaelekea dada yake hakuitoa kwa hiari. Akaingiza cherehani ndani, akaweka mguu mmoja mmoja juu ya alama yake, halafu akaitia mafuta yale mazuri ya saa, kila tundu.

"Nisamehe," alisema. "Cherehani. Na yule mtoto."

"Yameisha," alisema Bibi Vifungo.

Siku hizi wanazungumza vizuri tu. Anamwuliza ameamkaje, anamjibu. Majirani wanawatolea mfano kwa maharusi. Yeye hushona ndani, mume yuko nje chini ya dirisha na saa zake, na huulizana mambo ya chumvi wenyewe kwa wenyewe. Lakini zipo siku anapoacha kukanyaga, akakaa tu na mikono juu ya kitambaa. Mzee akisikia cherehani imenyamaza hudhani anamlilia kibuzi. Huacha saa zake, humletea chai, humwekea karibu na mkono, humwomba tena asimweke moyoni. Na kila mara Bibi Vifungo humwambia amekwisha msamehe.