Milango ya Meko ya Mama

Fundi wa kuchomelea vyuma pale Miembeni aliniegemezea ukutani milango ya aina tatu, akazima grenda, akasubiri. Wa kwanza ulikuwa wavu mtupu wenye matundu madogo. Cheche haipiti lakini moto unauona. Wa pili ulikuwa bati nene, ukifungwa umefungwa. Wa tatu nondo za kusimama, kama za dirisha la duka. "Dada, chagua tu," aliniambia. "Kwani unachozuia ni cheche, ni mbuzi, au ni mtu?" Niliyetaka kumzuia ni mama yangu mzazi, na sikuwa nimewahi kulitamka jambo hilo mbele ya mgeni.

Ngoja nikueleze, maana hili si jambo la kulirukia. Mama anasahau. Alianza na majina yetu, mmoja mmoja, na mimi kitinda mimba ndiye niliyetoka wa kwanza. Kisha akasahau kwamba moto unaunguza. Mchana mmoja huko nyumbani Maruku alitia mkono kwenye makaa kutafuta ndizi aliyoichoma, akauacha humo kama mtu anayepapasa kitu mfukoni. Mpwa wangu anayekaa naye alipofika ngozi ilikuwa imeshababuka.

Tukaondoa mafiga. Kesho yake mama alikuwa amepanga mawe mengine matatu kando ya majamvi ya kuanikia kahawa. Tukayaondoa na hayo, akapanga mengine ndani ya kibanja chetu cha migomba, katikati ya majani makavu. Tulimletea jiko la gesi, akaliwekea redio juu. Ndipo kaka yetu aliye Dar es Salaam akasema basi, tumjengee meko ya matofali hapo hapo uani, yenye bomba la moshi na milango ya kufuli, moto uwepo lakini uwashwe mtu akiwapo. Akanitumia picha za meko za nchi za watu. Moja ilikuwa na milango ya kioo na mbwa mnene amelala mbele yake. Chini akaandika, "Chagua wewe uliye karibu." Ukiwa ndiye uliye karibu, ndugu yangu, umekwisha.

Basi nikasimama pale kwa fundi, napitisha vidole kwenye ule wavu, na meko ya zamani yakanijia yote. Yalikuwa nje kwa sababu ya baba. Alipomaliza nyumba ya bati alipiga marufuku moshi usiichafue dari yake, naye mama hakubishana. Alibeba mafiga yake matatu hadi uani, chini ya mparachichi, na huko akakaa miaka yote. Baada ya wiki baba naye akahamishia kiti chake huko huko, maana sebuleni hakukuwa na harufu ya chochote.

Kazi yangu ilikuwa kuokota matawi ya mibuni yaliyopogolewa. Yanawaka taratibu na yananukia vizuri. Ndizi zilipikwa kwa maharage, zimefunikwa majani ya mgomba, na ukikaa karibu unaisikia sufuria ikinung'unika chini ya majani. Msimu wa senene tulizunguka moto ule watoto wote, tukinyonyoa mbawa na miguu hadi vidole vikateleza kwa mafuta, na kila mmoja akimshutumu mwenzake kwamba anakula wabichi. Nilikuwa nakula wabichi. Jioni mama alifukia makaa kwa majivu, na asubuhi mimi ndiye niliyepuliza. Kiberiti kwetu kilikaa kabatini pamoja na vikombe vya wageni, na kilitoka mara chache kama vikombe hivyo.

Na moto ule haukuwa wetu peke yetu. Majirani walikuja na kigae cha chungu, wakachukua kaa, wakaenda zao. Hodi haikupigwa. Mama angeweza kuwa kibanjani, angeweza kuwa kanisani, mtu aliinama akachagua kaa lake, akafunika yaliyobaki, akaondoka. Mimi niliona ni kitu cha kawaida kama mvua.

Alikuwapo mama jirani mmoja, aliolewa kijijini kwetu akitokea Kimwani, kule Muleba. Mwaka ule wa mnyauko wa migomba shamba lake ndilo lililoanza. Ukikata mgomba unatoa utomvu wa manjano, na ukishauona huo huna la kufanya ila kukata na kufukia. Walikata shamba zima. Kutoka kwetu tukawa tunaiona nyumba yake yote, hadi mlango wa nyuma, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe. Lakini yule mama alikuja na kigae chake kila siku alasiri, anatembea kwa haraka kama mtu mwenye wageni wengi.

Siku moja nikamuuliza. Nilikuwa mtoto wa kuuliza maswali. "Mama, leo mnapika nini?"

Akacheka. "Tunapika tu, mwana wange."

Mama yangu alinifinya paja hadi nikaona nyota. Yule jirani alipoondoka nikalia kwa hasira, nikadai nielezwe kosa langu. Mama akasema, "Hana cha kupika. Anataka moshi uonekane kwake."

Nikamwambia si tumpe chakula. Kwa akili yangu mambo yalikuwa rahisi namna hiyo. Mama aliangalia shamba letu, ambalo upande wa juu majani yalikuwa yameanza kugeuka rangi, na sisi wenyewe tulikuwa tumeshapunguziwa ndizi sahanini. "Nitampa nini?" aliniuliza. Hakuwa ananikaripia. Aliuliza kweli, kama vile mimi ningekuwa na jibu.

Tangu siku hiyo, alasiri ikikaribia, alichagua kaa kubwa kuliko yote na kulisogeza pembeni, mahali pa kulichukua bila kuinama sana. Hakuongeza lingine. Nilimwona mama yangu, mwanamke niliyedhani anaweza kila kitu, akigeuza kaa moja kwa kijiti mara tatu, mara nne, apate upande uliowaka vizuri. Niliogopa sana. Sijui kama nimewahi kuogopa vile tena, hadi siku niliyoona mkono wake umefungwa bandeji.

Nilimwambia fundi nataka wavu. Angalau mama auone moto wake. Kaka alipopiga simu akasema wavu hapana, mtu anapenyeza kijiti, anavuta kaa, anachoma nyumba. Nikamwambia aje achague mwenyewe. "Wewe unataka aungue?" akaniuliza. Nililia kwa fundi wa watu, mbele ya mageti. Kisha nikachukua bati nene, bawaba nne, komeo na kufuli, nikamwomba fundi atoboe matundu machache juu ili moto uonekane. Alitoboa sita. Alisema zaidi ya hapo bati linalegea.

Meko yalipokamilika mama alitoka akayatazama kutoka mbali. Alijitanda kanga, akasogea hatua chache, akasimama mikono ameikunja mbele.

"Hodi, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima. "Wenyewe mpo?"

Nikamwambia mama, ni hapa kwako. Nilifungua kufuli, nikawasha, nikaivuta milango hadi mwisho ikagonga matofali, nikamwekea kigoda. Alinisikiliza kwa upole kama mtu anayesikiliza uongo wa mtoto wa wenzake. Alisema asingependa kuwasumbua watu na kazi zao, alikuwa anapita tu kusalimia. Akarudi ndani.

Hajatoka tena kupanga mawe. Siku hizi hakuna anayekuja kuchukua moto kwa mtu. Kila nyumba ina kiberiti cha gesi, na yule mama wa Kimwani tulishamzika. Shamba limeoteshwa migomba mipya ile inayostahimili, na uani pamefagiliwa hapana jivu. Mama anakaa sebuleni, chini ya dari ya baba ambayo bado ni nyeupe, mikono juu ya magoti. Ule ulioungua umepona kabisa. Nimemkagua kidole kwa kidole, hana kovu jipya hata moja.

Kaka hupiga simu kila Jumapili. Anauliza kama milango inafunga vizuri, na mimi namwambia inafunga.