Kitufe Kilichobanwa Kwenye Kiti cha Afisa

Mpaka leo mtu akinitajia Tarime huwa naangalia chini kwanza, halafu ndiyo naitikia, na kwa kuwa mmenibana niseme, basi nianzie Mpanda, maana safari ilianzia huko. Treni mpaka Tabora, basi mpaka Mwanza, basi jingine mpaka Tarime, kisha pikipiki hadi Gorong'a nikiwa nimepakata begi lenye redio, vumbi mpaka kwenye meno, na njia yote hiyo nilikuwa naifuata sauti ya mtu ambaye sijawahi kumwona. Mimi ni mtu wa redio za ridhaa (siyo zile za kusikiliza taarifa ya habari, hizi unabonyeza kitufe unaongea na mwenzako aliye mbali, hulipwi, raha yake ni kusikika tu), na jioni moja huko Mpanda nilimnasa Mwalimu Marwa hewani, tukazoeana, akaniambia, "Ukichoka kuzurura njoo kwetu, chumba kipo." Kuzurura sijawahi kuchoka, lakini nilikwenda.

Mwalimu alikuwa mstaafu, na kila siku saa kumi na moja jioni alimwita kaka yake aliyeolea ng'ambo, upande wa Kenya, wakaulizana ng'ombe, mvua na magoti. Nilipofika, leseni yake ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi na ada hana. Mwaka uliotangulia aliuza mbuzi.

"Safari hii mbuzi wamekwisha, mura," aliniambia (mura kwa Kikurya ni kijana). "Na bila leseni kitufe sigusi. Nimefundisha uraia maisha yangu yote, leo niibe mawimbi?"

Tulikuwa saba wenye redio pale Tarime, na aliyetukusanya ni Bhoke, fundi wa simu wa Sirari, mwanamke mwenye ulimi kama wembe. Alitaka iandikwe barua moja, sahihi saba, kuomba ada ya sisi wa ridhaa isilingane na ya wafanyabiashara, na kwamba hakuna mtu wa kujiombea peke yake. "Akienda mmoja watamwona ombaomba," alisema. "Tukienda saba, hilo ni jambo." Wakanichagua mimi nipeleke barua kwa afisa wa leseni aliyekuja mjini, eti Kiswahili changu laini, chao hata wakisalimia mtu anadhani anagombezwa. Wao wangekaa kwa mama wa chai ng'ambo ya barabara, redio mezani, afisa akiwa tayari niwaite waingie wote.

"Hiyo yako izime," Bhoke alinionya. "Utaiwasha wakati wa kutuita."

Nikaitikia, na sikuizima. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo kama punje. Nilipunguza sauti nikaisokomeza mfuko wa ndani wa koti, nikijiambia kuwasha na kuzima mbele ya afisa ni ushamba.

Kiti cha mgeni kilikuwa chembamba, chenye mikono ya mbao, na mimi mnaniona nilivyo. Nikajipenyeza. Afisa akasoma barua polepole, akaigeuza, akairudia, na mimi jasho linashuka mgongoni, maana nilimkumbuka Mwalimu alivyopiga kiatu rangi asubuhi ile.

"Hoja naielewa," akasema mwishowe. "Kuipeleka juu naweza. Lakini watakaoniuliza huko watataka kujua, hawa watu saba ni kundi kweli au ni majina tu?"

Hapo ndipo ningesema, wako nje, ngoja niwaite. Badala yake sijui nini kilinipanda kichwani. Nikasogea mbele, nikashusha sauti.

"Mkubwa, kusema ukweli, wale ni wazee wa kijijini, wanachezea tu. Mwalimu mwenyewe antena yake ni waya wa kuanikia nguo. Mimi ndiye nimetembea, mimi ndiye naijua redio. Ikishindikana kwa wote, basi nifikirie mimi."

Alivuta droo, akatoa kipokezi chake, akakiweka mezani. "Masafa yenu ni yapi? Nataka kuwasikia hao wanaochezea."

Nikamtajia, tena kwa madaha. Akazungusha, na kile kidude kikapiga yowe lililonisimamisha nywele, na ndani ya yowe nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Mungu wangu!"

Mkono wa kiti. Tangu nikae ulikuwa umekibana kitufe cha redio yangu mfukoni. Na mtu akishabonyeza kitufe, yeye hawasikii wenzake hata wakipiga kelele, wao ndio wanaomsikia. Nilijichomoa na kiti kikainuka nami, tukasimama wote wawili.

Mlango ukafunguliwa. Wakaingia sita, Mwalimu mbele, kofia mkononi. Hakuna aliyeketi.

"Tano tisa, mura," Bhoke akasema (ndiyo alama tunayompa mtu anayesikika safi kabisa). "Hata mama wa chai amekusikia."

Afisa akanyanyua barua. "Hapa kuna sahihi saba. Sasa mmebaki wangapi?"

Nilitamani kumtazama Mwalimu, shingo ikakataa.

"Saba," Mwalimu akasema. "Huyu naye hana ada. Na waya wangu ni wa kuanikia nguo kweli, lakini ndio uliomfikia Mpanda."

Afisa akaandika kitu pembeni ya barua, akagonga muhuri. Kabla mwezi haujaisha jibu likaja: wote saba tuendelee hewani na leseni zile zile wakati suala la ada linaangaliwa. Wote saba, jina langu likiwa la mwisho.

Hawakunisema tena, na hilo ndilo lililonishinda. Nilipoingia hewani walinijibu kwa adabu, kama mgeni. Wiki ile ile nilifunga begi. Mwalimu alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki, akanipa ndizi za njiani.

Tangu siku hiyo nimeapa, nikitumwa na watu, neno "mimi" naliacha mlangoni pamoja na redio, imezimwa. Ila jioni ile ya kuondoka niliiwasha. Saa kumi na moja, tukiteremka milimani, nikamsikia Mwalimu akimwita kaka yake, na kaka akaitika, wakaanza na magoti. Niliiweka sikioni mpaka sauti ikakatika. Kitufe sikukigusa.