Kanuni Mbili za Msiba

Kwa miaka mingi baba ndiye aliyepeleka habari za misiba katika chama chetu cha kuzikana cha watu tuliotoka magharibi mwa Kenya. Mwanachama akifariki, alivaa akala zake za matairi kutoka soko la Kariokor akabisha mlango kwa mlango, mitaani Nairobi, Baba Dogo mpaka Kiamaiko, hadi kila nyumba isikie. Magoti yalipomshinda, mimi mjuaji wa kompyuta nikajitia kimbelembele: kazi hiyo itafanywa na hifadhidata.

Nikaandika kanuni mbili zinazojiendesha zenyewe. Ya kwanza: mtu akiandikwa marehemu, na jina lake likiwa kwenye orodha ya wanachama, wote watumiwe ujumbe. Ya pili: mtu akiandikwa marehemu, jina lake litolewe kwenye orodha. Tukio moja linaziamsha zote mbili. Ipi itangulie? Sikusema. Mfumo ulinipa nafasi ya kupanga zamu, nami nikaiacha wazi, mjinga mimi, kwa kuwa nilipojaribu mara moja mambo yalikwenda sawa.

Marehemu wa kwanza kuandikwa alikuwa baba. Nilimwandika mwenyewe, asubuhi. Safari hii jina lilitolewa kwanza. Kanuni ya ujumbe ilipomtafuta haikumkuta, ikanyamaza. Haikulalamika hata kidogo, maana kwa jinsi nilivyoiandika hapakuwa na kosa.

Mama aliazima viti hamsini kanisani, akachemsha chai sufuria mbili kubwa. Saa kumi, saa ambayo chama huja kuketi na wafiwa, walikuja majirani watatu wa ploti yetu. Saa kumi na mbili walikuwa bado watatu.

"Milango yote ile aliyobisha," mama akasema, akaanza kumwaga chai.

Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja upesi. Kesho yake niligundua, nikapiga simu, wakaja wote wakilia na kuomba radhi. Nikamweleza mama kwamba si wao, ni mimi, ni mpangilio wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono.

"Una roho nzuri kama baba yako, mwanangu. Lakini usijibebeshe aibu ya watu."

Nimemwonyesha mpaka kwenye skrini. Huitikia kwa kichwa tu, kama anayedhani nawafichia watu aibu yao, na inaniuma kuliko kama angenitukana. Kanuni nilizirekebisha, sasa ujumbe unafika. Juzi ulimfikia yeye: rafiki yake wa kwaya amefariki. Aliusoma, akaiweka simu mezani, akaendelea kuchambua mboga; saa kumi ya kuketi na wafiwa ikampita hapo hapo.