Pilau Niliyoiacha Ufukoni

Tulipofika kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, mwenyekiti wa umoja wetu wa wanawake kanisani aligawa kazi kabla hata hatujanyoosha migongo. Wenzangu watembee njia ya mawe mpaka kwenye rasi, kisha warudi tule. Mimi nibaki na masufuria.

"Wewe dada pumzika hapa, mguu usije ukakusumbua," aliniambia, akinipigapiga begani.

Mguu wenyewe ni wa bandia. Ule wa kuzaliwa nao niliupoteza kwenye ajali ya bodaboda pale Tunduma, na tangu hapo nimekuwa mlinzi wa vyakula. Harusini nalinda vyakula. Msibani nalinda vyakula. Lakini kutwa nzima huwa nasimama mpakani kwa mguu huohuo, nikibadilisha kwacha za Zambia katikati ya malori, na sijaona mtu akinitandikia mkeka nipumzike!

Siku hiyo nilichoka. Nilingoja wapotee nyuma ya jabali la kwanza, nikafunika pilau vizuri, nikaweka jiwe juu ya kifuniko, nikajifunga kanga kiunoni na kuchukua fimbo yangu.

Njia ni mbaya, sidanganyi. Mwenyeji aliyetupokea alisema mawe yale yalikuwa uji wa moto uliotoka kwenye volkano zamani sana, ukaganda. Ni meusi, yana vitundu kama mkate, na yanakwangua ngozi. Kuna mahali yamesimama wima, yamebanana kama magunia ya mahindi ghalani. Hapo nilipita kwa makalio, naburuta mguu. Nilianguka, nikainuka, nikaanguka tena. Nilitukana kidogo, Mungu anisamehe. Nilicheka pia, kwa sauti, maana hakukuwa na mtu wa kunionea huruma.

Niliwakuta chini ya tao la jiwe ambalo mawimbi yamelitoboa, wanapigana picha. Nilipita katikati yao bila kusalimia, nikaenda mpaka jiwe la mwisho kabisa, maji yakanirukia usoni. Nilifurahi mpaka nikataka kulia.

Tuliporudi, nyani walikuwa wameshamaliza sherehe. Masufuria yamelala chali, wali umetapakaa mchangani, hakuna hata kipande cha nyama.

"Si tulikuachia wewe chakula?" mwenyekiti alifoka. "Ona sasa ulichotufanyia!"

Wote wakanikodolea macho, wakingoja niombe radhi. Njaa ilikuwa inaniuma kama wao, na goti lilikuwa linawaka moto. Sikuomba radhi. Mpaka leo sijaomba.

"Mama, hawa wote wana macho ya kulinda sufuria," nilimwambia. "Nani mwingine ulimwomba abaki?"

Aliinama akaanza kuokota masufuria. Tulirudi Tunduma na njaa, na njia nzima mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo.