Fundi wa Nyakisasa na Ngozi Iliyoshika

Ukipata pancha pale sokoni Nyakisasa, huna haja ya kuuliza mara mbili. Utaelekezwa kwa Esperansia. Baba yake, mzee Manirakiza, alivuka mpaka kutoka Burundi miaka mingi iliyopita akiwa na pampu ya baiskeli na spana mbili, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, ufundi wote akamwachia binti. Mwanzoni watu walicheka. Waliacha kucheka walipoona viraka vyake havibanduki.

Asubuhi moja ya siku ya soko, lori la ndizi lilikatika breki mteremkoni. Esperansia alikuwa amechuchumaa akikaza mnyororo wa baiskeli ya mteja. Aliruka, lakini mguu wa kulia ukachelewa. Tairi halikuvunja mfupa. Lilichuna ngozi kuanzia chini ya goti mpaka kisigino, kama mtu anavyovua soksi.

Hospitalini walikisafisha kidonda kwa wiki tatu. Kilipokuwa safi na chekundu, Daktari Benedicto alichukua ngozi nyembamba kutoka pajani, akaitandaza mguuni, akafunga bandeji. Siku ya kufungua, Esperansia alitazama uso wa daktari kabla ya kutazama mguu, akajua. Damu na majimaji vilikuwa vimekusanyika chini yake, ngozi ikaelea, ikafa. Mumewe, Marcel, aliyekuwa akimuuguza tangu siku ya kwanza, alitoka nje akakaa kwenye ngazi.

Ndugu walikuja kumshauri akubali mguu ukatwe, mambo yaishe. Aliwajibu kwamba daktari hajatamka neno hilo, na wao hawakusomea udaktari.

Kidonda kilipokuwa tayari tena, Daktari Benedicto alivuta kiti, akamweleza taratibu. Angepandikiza ngozi upya, lakini safari hii juu yake angeweka kitambaa laini kisichonata, kisha sponji, na kufunika vyote kwa plastiki nyembamba yenye gundi. Mrija ungetoka hapo hadi kwenye mashine ndogo inayonyonya hewa na majimaji. Sponji lingesinyaa na kuibana ngozi mahali pake kwa siku tano, mpaka iote mizizi.

"Kwa hiyo plastiki ikivuja, kazi yote inaharibika," Esperansia alisema.

"Ndiyo, mama," daktari akajibu, akitabasamu. "Umeelewa haraka kuliko wanafunzi wangu."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya pili, adhuhuri, mashine ikaanza kulia. Sponji lililokuwa gumu likavimba polepole, na majimaji yakasimama mrijani. Nesi Priscila, binti aliyekuwa na miezi michache tu kazini, alikuja mbio. Akaongeza plastiki pale mrija ulipoingilia. Mashine ikaendelea kulia. Akaongeza nyingine chini ya goti, bado.

Esperansia aliomba wodi inyamaze. Redio ikazimwa, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akazuia kikohozi chake. Kwa miaka ishirini alikuwa akitafuta matundu yasiyoonekana, ila siku zote alikuwa na karai la maji la kuonyesha mapovu. Leo alikuwa na masikio tu. Akafumba macho. Sauti ilikuwepo, nyembamba mno, kama mtu anayefyonza chai ya moto chumba cha pili.

"Ni kisigino, mwanangu. Upande wa ndani, pale plastiki ilipokunjamana."

Priscila aliinama, akatega sikio, akaisikia. Akachukua kipande cha plastiki ili akibandike palepale, lakini Esperansia akamshika mkono.

"Kausha kwanza. Kiraka hakishiki penye jasho. Halafu kibonyeze kutoka katikati kwenda pembeni."

Priscila akafanya hivyo. Sponji likasinyaa mbele ya macho yao, likakaza, majimaji yakaanza tena kutembea mrijani. Mashine ikanyamaza. Wodi nzima ikapiga makofi, hata yule wa kikohozi.

Siku ya tano daktari aliondoa plastiki, akainua sponji kwa uangalifu. Safari hii Esperansia aliangalia mguu moja kwa moja. Ngozi ilikuwa ya waridi, imelala vizuri kutoka juu mpaka chini, isipokuwa sehemu moja ndogo kama punje ya harage. Daktari akaigusa ngozi kwa kidole kilichovaa glavu. Haikuteleza.

"Imeshika," alisema.

Mama huyu hakuwa amelia siku ya lori, wala siku ngozi ya kwanza ilipokufa. Siku hiyo alilia mpaka Priscila naye akageukia dirishani.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya mazoezi, ya kupaka mafuta na kuvaa soksi ya kubana, na ya kuchechemea kutoka mlangoni hadi migombani na kurudi. Alilalamika sana, na hakuruka hata siku moja ya mazoezi. Kisha, siku moja ya soko, watu wa Nyakisasa waliona baiskeli ikipanda mlima uleule lilikoteremka lori. Esperansia ndiye aliyekuwa akikanyaga pedali, sketi ameikunja, kovu lake linang'aa juani. Nyuma, kwenye keria, alikaa Marcel na kisanduku cha spana mapajani, akisalimia kila aliyempita kama mbunge aliyeshinda uchaguzi.